Beji za kidijitali kwenye kozi ya ualimu: shajara ya mradi hadi mlangoni mwa BTP

Oktoba, chuo hakijafunguliwa

Nimeamua kuandika humu kila tunapopiga hatua ili wenzangu wa idara, na wa vyuo vingine wanaofikiria kitu cha namna hii, wapate pa kuanzia. Mradi wenyewe uko hivi: tuna kozi ya mbinu za kufundishia kwa wanafunzi wa shahada ya ualimu ambao mwisho wa mwaka wanaenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, na badala ya kusubiri mtihani wa mwisho utuambie nani ameiva tunataka kila stadi muhimu iwe na beji yake ya kidijitali, na mwanafunzi aipate pale tu anapoleta kazi inayoonyesha kwamba stadi hiyo anayo.

Kinachonisukuma kiukweli ni hiki. Mtaala wa sekondari Tanzania umekuwa wa umahiri tangu 2005, yaani mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya, sasa hawa vijana tunawaandaa wakafundishe mtaala huo alafu sisi wenyewe tunawapima kwa 40 za majaribio na 60 za mtihani wa mwisho, karatasi na kalamu. Mtu anaandika insha nzuri sana kuhusu mbinu ya maswali na majibu, anapata A yake, ukimsimamisha mbele ya darasa anauliza swali na kulijibu mwenyewe palepale. Transkripti inasema A. Mkuu wa shule atakayempokea hana namna ya kujua hiyo A imebeba nini ndani.

Oktoba mwishoni, upande wa mitambo

Hatukununua kitu. Moodle ya chuo, ule mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, ina beji ndani yake tangu toleo la 2.5 la mwaka 2013, na zinafuata mfumo huria wa Open Badges ambao Mozilla waliuanzisha 2011 kwa msaada wa taasisi ya MacArthur ya Marekani, toleo la kwanza kamili likatoka 2013, na tangu 2017 unasimamiwa na IMS Global, shirika la viwango vya teknolojia ya elimu, ambao sasa wanaitwa 1EdTech. Nayataja haya kwa sababu kuna mwenzangu aliuliza kama tunajifungia kwa kampuni moja, na jibu ni hapana, mfumo ni wa wazi na beji iliyotolewa na Moodle inaweza kuhamia sehemu nyingine inayofuata mfumo huohuo.

Kwa asiyezijua: ukiiangalia beji unaona kapicha tu, ila ndani ya faili la picha kumepachikwa taarifa za nani kaitoa, nani kapewa, lini, kwa vigezo gani, na ikiwezekana linki ya ushahidi wenyewe. Anayeitilia shaka anaipitisha kwenye programu ya kuhakiki, na programu inaenda kuuliza kwa aliyeitoa. Hapo ndo pana mambo mawili ambayo yametuchukulia muda na watu wa TEHAMA.

La kwanza ni emaili. Beji inafungwa kwa anwani ya emaili ya mpokeaji, na emaili za chuo zinafungwa mtu akishahitimu, kwa hiyo ukimpa beji kwa emaili ya chuo umempa kitu ambacho miaka michache mbele hawezi kuthibitisha ni chake. Tumekubaliana kila mwanafunzi aunganishe emaili yake binafsi anayoitumia kweli, na wiki ya kwanza ya semista CR, mwakilishi wa darasa, atapita kuhakikisha. La pili ni anwani ya seva. Uhakiki wa kawaida unategemea ukurasa wa chuo kuwepo hewani, siku chuo kikibadilisha anwani ya Moodle beji zote za nyuma zinakuwa yatima, kwa hiyo tumeomba kwa maandishi anwani ibaki vilevile au iwekwe njia ya kuelekeza kutoka ya zamani kwenda mpya. Toleo la 3.0 la Open Badges linaenda kwenye sahihi za kidijitali zinazokaa ndani ya beji yenyewe, huko ndo kuzuri, ila sisi tunaanza na kilichopo.

Novemba, kuchagua beji

Tulianza na orodha ndefu mno. Kila mtu idarani alitaka somo lake liwe na beji. Mimi nilishikilia zibaki chache kwa sababu moja tu: kila beji inahitaji macho ya mtu kuangalia kazi, na macho tuliyonayo ni ya wahadhiri wachache na wahadhiri wasaidizi ambao tayari wamelemewa na kusahihisha. Niliangalia mfano wa Open University ya Uingereza, wana kozi za bure kwenye OpenLearn zenye beji, masaa kama 24 ya kujisomea, unapitia kurasa zote na kufaulu majaribio mawili ambayo kompyuta inasahihisha. Kwa wanaojisomea majumbani ule mpango unafaa sana na unabeba watu wengi. Ila kompyuta haiwezi kuniambia kama kijana anajua kutumia ubao.

Zimebaki sita: andalio la somo, kuuliza maswali, matumizi ya ubao, zana kutoka mazingira, kutunga mtihani kwa jedwali la utahini (lile linaloonyesha kila mada na kila stadi ipate maswali mangapi), na tafakuri baada ya somo.

Kuandika vigezo ndo kazi yenyewe, wala sio kuchora picha za beji (picha alitutengenezea mwanafunzi wa sanaa jioni moja, nzuri kabisa). Chukua ya kuuliza maswali. Rasimu ya kwanza ilisema "anauliza maswali yanayochochea fikra". Nani atapima hilo, na atakubaliana na nani? Tukarudi kwenye kazi za Mary Budd Rowe wa Marekani, huyu miaka ya 1970 alisikiliza rekodi za madarasani akakuta walimu wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kabla hawajarukia mwanafunzi mwingine au kujijibu, na wakizoeshwa kusubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya wanafunzi yanakuwa marefu na wanaojitokeza wanaongezeka. Kwa hiyo kigezo kikawa: leta video ya dakika kumi, tuone maswali yasiyo ya ndio au hapana, tuhesabu sekunde za kusubiri, na tuone wanafunzi tofauti wanajibu wakiwemo waliokaa nyuma. Hicho hata mwanafunzi mwenyewe anaweza kujipima kwa simu yake kabla hajatuma, na nilichopenda zaidi ni kwamba kigezo chenyewe kinafundisha, anayekisoma vizuri ameshajifunza nusu.

Andalio la somo lilikuwa rahisi, hatua zinajulikana, utangulizi, maarifa mapya, uimarishaji, tafakuri, hitimisho, tukaongeza tu kwamba shughuli za mwanafunzi ziandikwe kwa kitenzi kinachoonekana. "Mwanafunzi aelewe" haipiti.

Novemba, kabla ya kuwasha

Angalizo kwa atakayetumia Moodle: beji ikishatolewa hata kwa mtu mmoja vigezo vyake vinajifunga, huwezi kuvigusa tena, itabidi unakili upya na uanze beji nyingine. Ni sawa kabisa, maana mtu aliyepewa jana na wa kesho lazima wawe wamepimwa kwa kipimo kimoja, ila maana yake ubishi wote muumalize kabla.

Kwa hiyo tulikaa wapimaji wote chumba kimoja, tukaangalia video ileile ya maikrotichingi, yaani somo fupi la majaribio mwanafunzi anapofundisha wenzake, kila mtu akapima kimyakimya alafu tukaonyeshana. Tulitofautiana sana kwenye ubao. Mmoja anaangalia mwandiko, mwingine mpangilio, mwingine anataka kuona kama kilichoandikwa ndo kitu ambacho mwanafunzi atatoka nacho kwenye daftari. Huyo wa tatu alituvuta wote. Kigezo kikaandikwa upya hivi: mtu aliyeingia darasani dakika ya mwisho akipiga picha ubao aweze kusema somo lilikuwa la nini na hatua zake. Ushahidi ni picha ya ubao, basi, haimli mtu bando kama video.

Nashauri kikao hiki kisirukwe na mtu yeyote. Miaka yote tumesahihisha kila mmoja ofisini kwake na hatukuwahi kujua tunatofautiana kiasi kile.

Desemba, wiki za kwanza

Zimewashwa. Grupu la WhatsApp la darasa limechangamka, wanatumiana skrini za beji, na swali linalorudi kuliko yote ni "Mwalimu, hizi beji zina maksi ngapi?"

Swali zuri na nilitaka nilijibu bila kuzungukazunguka: hazina maksi kwa sasa. Kuna utafiti maarufu wa 1973 wa Lepper, Greene na Nisbett, walienda kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford wakachukua watoto wanaopenda kuchora, kundi moja wakaahidiwa cheti chenye nyota na utepe wakichora, na baadaye kundi hilo wakiachwa wacheze wanavyotaka walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa chochote. Cheti chenye nyota na utepe, sasa hiyo si ndo beji yenyewe jamani. Alafu 2013 Abramovich, Schunn na Higashi wakaonyesha kuwa beji zenyewe zinatofautiana, inategemea ni ya aina gani na mwanafunzi ana kiwango gani, nyingine zinamwinua mtu, nyingine hapana. Kwa hiyo hatutoi beji ya kuhudhuria, wala ya kufungua vitini, wala ya kuwa wa kwanza. Kila beji ni ya kitu unachokifanya mbele ya wanafunzi au kwa ajili yao.

Na hakuna ubao wa viongozi, yaani orodha ya nani anaongoza kwa beji. Uliombwa, nikakataa. Sitaki darasa la walimu watarajiwa lishindanishwe kama mbio, nataka kila mmoja ajue alipo.

Januari, hapa ndo pamenoga

Hapa nitaandika kwa urefu maana ndo sababu ya mradi mzima.

Darasa letu lina watu wa aina mbili kubwa. Kuna waliotoka form six moja kwa moja, na kuna walimu walioko kazini, watu wazima, wana diploma na miaka yao ya kufundisha, wengine wana familia mikoani. Miaka yote tunawakalisha pamoja kwenye mihadhara ileile ya namna ya kuandika andalio la somo, na mwalimu aliyeandika maandalio tangu hao vijana wako shule ya msingi anakaa kimya nyuma anasubiri saa iishe. Inaniuma, kwa sababu ule ni muda wake na ada yake.

Sasa wiki hizi walioko kazini wamepeleka ushahidi wao mapema. Wengi wamepata ya andalio na ya ubao bila shida, na kwa kuwa wanazo hawalazimiki kuja kwenye semina za stadi hizo, wanaenda kwenye ile wanayohitaji. Na wanayohitaji ilitushangaza. Kutunga mtihani kwa jedwali la utahini, wengi wao wanakwama hapo, wamezoea kuchukua maswali kwenye mitihani ya nyuma na kuyapanga upya. Na ya kuuliza maswali pia, mama mmoja mwenye uzoefu mkubwa alirudishiwa video yake ikiwa na neno "Bado" na maelezo ya mstari mmoja, kwamba anasubiri chini ya sekunde moja kila swali. Alikuja ofisini. Nilidhani amekuja kulalamika. Akasema, "Mwalimu, miaka yote wakaguzi wanakuja wanaangalia azimio la kazi na andalio, wanasaini wanaondoka, hakuna aliyewahi kuniambia hili." Akaomba arudie na akarudia, na ile video ya pili ndo sa hivi tunawaonyesha wengine kwa ridhaa yake.

Upande wa pili, vijana wa form six wanapata haraka zana kutoka mazingira, wana ubunifu wa ajabu, maboksi, vifuniko vya soda, nyaya za zamani, mmoja katengeneza mfano wa figo kwa chupa ya maji na mchanga. Andalio ndo linawapa tabu.

Ripoti ya Moodle inatuonyesha nani ana beji ipi. Nikaanza kuisoma kinyume, yaani nani hana ipi, na tangu siku hiyo sipangi tena semina kwa alfabeti wala kwa programu. Jumatatu tunaweka waliokosa ya jedwali la utahini, Jumatano waliokosa ya maswali, na kila kundi linachanganya mtu mzima na kijana, huyu anabeba andalio yule anabeba zana, wanapeana. Kwangu mimi hii ndo faida ya beji kwenye elimu ya juu, kuliko hata ile ya kumwonyesha mwajiri. Alama 62 haikwambii kesho umfundishe huyu mtu nini. Nafasi tupu kwenye orodha ya beji inakwambia.

Neno "Bado" tulilichagua kwa makusudi, mwanafunzi hafeli beji, bado hajaipata, na anaruhusiwa kurudia hadi mwisho wa semista ilimradi aandike amebadilisha nini. Wanaorudia wanaandika vitu vya kweli kabisa kwenye hayo maelezo, mara nyingine nayasoma kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Februari, mambo mawili magumu

Maandalio ya kunakili yameanza kuonekana. Yanauzwa kwenye stationeri karibu na chuo, unabadilisha jina na tarehe tu. Hatukuongeza programu ya kukamata wizi, tumeongeza mazungumzo mafupi: ukileta andalio mpimaji anachagua hatua moja na kukuuliza wanafunzi wakishindwa hapa utafanya nini. Aliyeliandika anajibu. Inakula muda, dakika mbili tatu kwa mtu na darasa ni kubwa, ila bila hiyo beji inakuwa karatasi nyingine tu.

La pili ni zito zaidi. Wanafunzi wataenda shuleni BTP na baadhi ya beji zinahitaji video za darasa halisi, darasa lenye watoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtoto ni taarifa binafsi. Mfumo wa beji nao unaruhusu linki ya ushahidi iwe wazi kwa yeyote. Ukiziunganisha hizo mbili bila kufikiri, watoto wa form two wa shule fulani wanajikuta intaneti kwa sababu mwalimu wao wa mazoezi alitaka beji. Tumeamua hivi: simu inawekwa nyuma ya darasa inamwangalia mwalimu, kwa beji ya maswali sauti peke yake inatosha na majina ya watoto yasitajwe, ruhusa ya mkuu wa shule na ya wazazi inapatikana kwanza, na ushahidi wote wa shuleni unabaki ndani ya Moodle kwa wapimaji tu. Beji inayotoka nje inabeba vigezo na jina la chuo, haibebi video. Anayetaka kuhakiki zaidi atatuandikia. Tunapoteza kidogo kwenye uwazi na mimi naona ni haki.

Machi, idara

Niliwasilisha kwenye kikao cha idara. Swali kubwa lilikuwa je, beji ziingie kwenye ile 40? Kuna waliosema zikikaa nje hakuna atakayezijali ila walio na moyo, na wana hoja, nimeona baadhi ya wanafunzi wamesimama kwenye beji mbili na kutulia. Wengine wakasema zikiingia kwenye maksi utaletewa mabishano ya nusu alama, na mrejesho wa "Bado" utageuka kesi.

Msimamo wangu niliusema waziwazi: beji zisibadilishwe kuwa maksi, ila ziwe mlango. Mfano mwanafunzi asiruhusiwe kwenda BTP bila beji ya andalio na ya kuuliza maswali, kwa sababu huko anaenda kukutana na watoto wa watu, na muda wa kurudia tunampa wa kutosha. Krediti ni habari nyingine, kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni masaa 10 ya kazi ya mwanafunzi na beji zetu nyingi hazifiki hapo, sikutaka tuanze kuigawagawa. Ulaya wenzetu wameshapitisha mwongozo wa vyeti vidogo, Baraza la Umoja wa Ulaya Juni 2022, kule wanazungumzia vyeti vinavyoweza kujumlishwa, ila wana mfumo wa krediti wa nchi nyingi nyuma yake. Sisi tuanze na stadi.

Idara imekubali pendekezo la mlango liende kwenye bodi ya kitivo. Kwa mwaka huu linabaki pendekezo.

Mei, tunajiandaa na BTP

Hata kabla ya uamuzi wa bodi kuna jambo tunaweza kulifanya wenyewe na tumeshalianza. Miaka yote msimamizi anaenda shuleni na fomu ileile kwa kila mwanafunzi, anakaa nyuma kipindi kimoja, anaweka tiki kwenye kila kitu kuanzia mavazi hadi hitimisho, anaondoka anawahi shule nyingine. Safari hii kila msimamizi atakuwa na karatasi moja ya ziada kwa kila mwanafunzi: ana beji zipi, ipi bado, na yale maelezo aliyoandika mara ya mwisho aliporudia. Akifika anajua aangalie nini. Kama kijana hana ya ubao, msimamizi anakaa na ubao. Kama ana zote sita, wanaweza kuongea mambo makubwa zaidi, mathalani darasa lenye watoto wengi kupita madawati linafundishwaje.

Shule nyingi wanakopangwa mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo karatasi inachapwa na kubebwa, na mwanafunzi atakayepata ushahidi wake huko anauhifadhi kwenye simu, anaupakia akifika mjini au akirudi, tarehe ya mwisho tumeisogeza hadi baada ya BTP.

Kilichobaki mezani kwangu wiki hii: kuunganisha emaili za wale wachache ambao bado, kuandika barua ya ruhusa ya wazazi kwa Kiswahili kinachosomeka (rasimu ya kwanza ilikuwa ya kisheria mno, nimeirudisha), na kikao cha pili cha wapimaji kuangalia pamoja zile video ambazo wawili walitofautiana. Wahadhiri wasaidizi wameomba kikao kiwe Ijumaa mchana. Nimekubali, na yule mama wa sekunde moja tumemwalika aje akae upande wa wapimaji.